Mita iliyokufa kwa -O2: yale ambayo sikuiambia kompaila

Zilikuwa zimebaki siku tisa mita zetu zipakiwe kwenye boti kwenda kisiwani. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri umeme wa jua wa gridi ndogo, nguzo zimeshasimama, nyaya zimeshavutwa, na sisi tumekaa Mwanza katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya pikipiki tukimalizia programu ya ndani ya mita. Sehemu yangu ilikuwa kusoma volti na ampea za fezi tatu, kuzizidisha, kupata wati, na kutokana na hizo wati mteja akatwe salio lake. Mita ya umeme ni kama mizani ya dukani. Ikidanganya, anayeumia ni mtu asiye na njia ya kupima upya.

Chipu yetu ilikuwa na kiini cha Cortex-M4 kinachokwenda kwa megahetsi 168, na kumbukumbu ya kilobaiti 128 inayoanzia anwani 0x20000000. Umeme wetu ni wa hetsi 50. Tulichukua sampuli 128 kwa kila wimbi, mawimbi mawili kwa mkupuo, yaani sampuli 256 za volti na 256 za ampea kwa kila fezi, kila baada ya milisekunde 40. Cortex-M4 ina amri iitwayo SMLAD: inachukua jozi mbili za namba za biti 16, inazizidisha zote mbili kwa pamoja, kisha inajumlisha, na yote hayo ni mpigo mmoja tu wa saa. Niliipenda tangu siku niliyoisoma. Nilipiga hesabu kwanza: sampuli zetu zilikuwa za biti 12, kwa hiyo ukiondoa thamani ya katikati hazizidi 2048 upande wowote, 2048 mara 2048 mara 256 ni 1,073,741,824, na hiyo inaingia bila shida katika biti 32 zenye alama. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi.

Kisha nikaandika hivi:

```
static inline int32_t zidisha(const int16_t *v, const int16_t *a, int n)
{
    int32_t jumla = 0;
    asm volatile (
        "1:  ldr   r4, [%1], #4    \n"
        "    ldr   r5, [%2], #4    \n"
        "    smlad %0, r4, r5, %0  \n"
        "    subs  %3, %3, #1      \n"
        "    bne   1b              \n"
        : "+r" (jumla)
        : "r" (v), "r" (a), "r" (n)
        : "r4", "r5", "cc");
    return jumla;
}
```

Kwa asiyeizoea sura hii: zilizo ndani ya alama za nukuu ndizo amri za asembli, yaani amri za kiini chenyewe zilizoandikwa moja moja. Baada yake kuna mistari mitatu inayoanza na nukta mbili. Wa kwanza unataja vinavyotoka, wa pili vinavyoingia, wa tatu vile ambavyo amri zangu zitaviharibu njiani. Palipoandikwa %0 au %3, kompaila, ile programu inayogeuza msimbo wa C kuwa amri za chipu, inaweka rejista (kisanduku cha namba ndani ya kiini) inayojichagulia yenyewe. Zile r4 na r5 nilizichagua mimi, na nikakumbuka kuzitangaza. Nilijua watu wengi husahau hilo, kwa hiyo nilijiona nimemaliza wajibu wangu.

Kwa -O0, yaani bila uboreshaji wowote wa kompaila, kila kitu kilikwenda. Tuliunganisha jiko la umeme la wati 1000 mezani, namba zetu zikalingana na klampu mita. Wiki mbili nzima mita haikuyumba. Lakini kwa -O0 isingeweza kwenda kisiwani, kwa sababu kila ilipokuwa inasimba ujumbe na kuutuma kwa redio ilichelewa na kuruka sampuli. Nikabadilisha tarakimu moja kwenye Makefile, faili la maelekezo ya kujenga programu: -O0 ikawa -O2, yaani kompaila sasa iboreshe msimbo. Nikapakia. Taa nyekundu ikawaka na mita ikagoma.

Taa ile ndiyo niliyoiweka mwenyewe kuashiria HardFault, hali ambayo kiini kinafikia pale kinapoagizwa jambo lisilowezekana. Nilipoteza usiku tatu nikitafuta mahali pasipo. Nilibadilisha adapta ya umeme. Niliongeza kapasita karibu na chipu. Nilichukua bodi nyingine, ikafa vilevile. Nikaongeza staki, eneo la kumbukumbu la vigeu vya muda, kutoka kilobaiti 4 hadi 8, hakuna kilichobadilika. Usiku wa tatu nikawaandikia wenzangu kwamba kompaila ina bagi na tutafute toleo la zamani zaidi. Niliyaamini maneno hayo nilipoyaandika, na leo nikikutana na kijana anayesema hivyo naelewa kabisa alikotoka: msimbo ni uleule, haujaguswa hata herufi, uliokuwa unafanya kazi jana leo unakufa kwa sababu ya tarakimu kwenye Makefile. Nani mwingine wa kulaumiwa?

Nilichofanya asubuhi yake ndicho ningetakiwa kufanya usiku wa kwanza. Tulikuwa na mafaili 14. Nusu niliyajenga kwa -O0, nusu kwa -O2, nikaangalia kifo kiko upande gani, nikagawa tena nusu kwa nusu. Mara nne tu nikawa nimebaki na faili moja, lile la zidisha(). Halafu badala ya kuangalia taa nikazisoma rejista za kosa zenyewe. Kwenye Cortex-M4 kuna CFSR kwenye anwani 0xE000ED28, na BFAR kwenye 0xE000ED38. CFSR ilikuwa 0x00008200. Biti mbili zilizowaka zina maana kwamba kiini kilijaribu kufikia anwani isiyokuwepo, kinajua kwa uhakika ni amri gani iliyofanya hivyo, na anwani hiyo imeandikwa kwenye BFAR. BFAR ilikuwa 0x20020000.

Ukijumlisha 0x20000000 na kilobaiti 128 unapata 0x20020000. Hiyo ni anwani ya kwanza kabisa baada ya kumbukumbu kwisha. Programu yangu ilikuwa imetembea ikisoma, hatua kwa hatua, hadi ikavuka ukingo. Kwa dibaga, zana ya kuchungulia ndani ya programu, nikaona kwamba rejista iliyobeba n, yaani hatua zilizobaki (jozi 128 kwa sampuli 256), ambayo haikupaswa kutoka nje ya 0 na 128, ilikuwa na namba inayoanza na 0xFFFFF. Yaani ilikuwa imeshuka chini ya sifuri na inaendelea kushuka.

Bado sikuona sababu. Aliyeniona nikihangaika ni dada mmoja aliyetutangulia sana katika kazi hii. Sisi tulimwita Dada Fundi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mdogo wangu, hujalala?"

Nikamwonyesha. Hakuzisoma amri zangu hata kidogo. Aliweka kiganja kwenye skrini akaifunika ile mistari mitano ya asembli, ikabaki mistari ya nukta mbili peke yake.

"Soma hii tu. Kompaila haioni zaidi ya hapa."

"Jumla inaingia na kutoka. v, a na n zinaingia. r4 na r5 zinaharibiwa."

"n inatoka imebadilika?"

"Hapana. Inaingia tu."

Akaondoa kiganja. "Na humu ndani unaifanya nini?"

Nikakaa kimya. Humo ndani nilikuwa naipunguza moja moja hadi sifuri. Vielekezi v na a, yaani anwani za sampuli kwenye kumbukumbu, nilikuwa navisogeza mbele baiti nne kwa kila hatua. Vyote vitatu nilivitangaza kuwa vinaingia tu, na maana ya tangazo hilo ni kwamba vitakuwa vilevile nikimaliza.

"Mficha uchi hazai," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Kuanzia hapo kila kitu kilifunguka. Kompaila ya GCC haielewi amri zilizo ndani ya nukuu. Kwake ni maandishi ya kupitishwa kwa asembla, hayana maana nyingine. Inachokijua kuhusu kazi yangu ni kile nilichokiandika baada ya nukta mbili, na inakiamini chote kama kilivyo. Kwa -O0 kila kigeu kina makazi yake kwenye staki, na kabla ya asembli yangu kompaila inapakia nakala kutoka hapo. Nikiharibu nakala, ya asili ipo salama, kesho inapakiwa upya. Kwa wiki mbili nilikuwa naharibu nakala tu.

Kwa -O2 fanksheni yangu ndogo ilimezwa ndani ya pima(), ile inayozunguka fezi tatu. Kompaila ikaona kwamba n ni 128 kwa fezi zote, ikaiweka 128 kwenye rejista mara moja tu, nje ya mzunguko, kwani kuna haja gani ya kuirudia? Mwenye msimbo amesema haibadiliki. Fezi ya kwanza ikapita salama, na rejista ikabaki na 0. Fezi ya pili ikaanza na 0. Amri ya subs ikatoa moja, ikawa 0xFFFFFFFF. Hiyo si sifuri, kwa hiyo bne ikarudi juu, na juu, na juu. Mzunguko uliopaswa kwenda mara 128 ulikuwa umeahidiwa zaidi ya mara bilioni nne. Staki yetu ilikaa mwisho wa kumbukumbu, kwa hiyo haikuwa safari ndefu. Kabla ya milisekunde mbili kielekezi kilikuwa ukingoni. Ndiyo sababu hata kuongeza staki hakukusaidia.

Dawa ilikuwa mstari mmoja na nusu:

```
        : "+r" (jumla), "+r" (v), "+r" (a), "+r" (n)
        :
        : "r4", "r5", "cc");
```

Alama ya kujumlisha inasema: hiki kinaingia na kinatoka kimebadilika. Kuiandika n kwenye orodha ya vilivyoharibiwa hakukubaliki, na mwongozo wa GCC unasema waziwazi kwamba kinachoingia hakitangazwi hivyo. Nilikuwa nimeusoma mwongozo huo, lakini nilisoma mfano nikauiga, nikayaruka maelezo.

Taa nyekundu ikazimika. Tulifurahi, tukanywa ile chai.

Kesho yake, swichi zote zikiwa zimezimwa, hakuna jiko wala balbu, mita ilionyesha wati mia tatu na kitu kwenye fezi ya kwanza.

Hapa ndipo mahali ninapopakumbuka kuliko zile usiku tatu. Mita haikufa. Haikuwasha taa. Ilifanya kazi kwa utulivu kabisa, ikihesabu umeme ambao haupo. Nikaweka printf, fanksheni ya kuchapisha namba, ndani ya pima() ili nione namba zinaharibika wapi. Namba zikawa sahihi. Nikaiondoa printf, wati mia tatu zikarudi. Nikaiweka, zikaondoka. Mtu anaweza kuanza kuamini mambo ya ajabu akiwa peke yake usiku na kitu kama hicho.

Safari hii sikubahatisha. Nilitoa msimbo wa mashine kwa zana ya objdump, yaani amri zile kompaila ilizozizalisha, nikausoma mstari kwa mstari. Ndani ya pima(), kabla ya kuzidisha, kulikuwa na mzunguko mwingine: unasoma sampuli kutoka kwenye bafa inayojazwa na DMA (sehemu ya chipu inayohamisha data bila kukisumbua kiini), unatoa 2048, unaandika kwenye safu ya ndani ya fanksheni. Katika msimbo wa mashine nikaiona amri ya kusoma, ldrh. Baada yake nikatafuta ya kutoa na ya kuandika. Hazikuwepo. Sampuli ilisomwa kisha ikatupwa, sampuli ya pili ikasomwa kisha ikatupwa, hadi mwisho. Bafa ile nilikuwa nimeitangaza volatile, ndiyo maana angalau kusoma kulibaki. Kuandika kulifutwa kote. Asembli yangu ilikuwa inazidisha takataka zilizoachwa kwenye staki na kazi zilizopita.

Na kompaila ilikuwa na haki. Niliipa asembli kielekezi v, yaani anwani, namba tu. Sikusema popote kwamba nitafuata anwani hiyo na kusoma kilichopo. Kwa maneno yangu mwenyewe, hakuna mtu aliyewahi kusoma safu ile tangu ijazwe hadi fanksheni ilipokwisha. Kitu kinachoandikwa na hakisomwi na yeyote ni kazi bure, na kuondoa kazi bure ndiyo kazi tuliyoipa tulipoandika -O2. Printf ilificha tatizo kwa sababu inayoeleweka: anwani ya safu ilikuwa imeshatoka nje kupitia asembli, na printf ni fanksheni ya maktaba ambayo kompaila haioni ndani yake. Ikahofia kwamba huenda printf itasoma safu ile, ikaacha kila kitu kiandikwe.

Mimi nilikuwa nalitegemea neno volatile baada ya asm. Nilidhani lina maana ya "usiguse chochote hapa". Maana yake ni nyembamba mno kuliko hiyo: usiifute sentensi hii hata kama zao lake halitumiki, wala usiitoe nje ya mzunguko. Kuhusu kumbukumbu inayozunguka sentensi hiyo halisemi lolote.

Kilichotakiwa ni neno moja kwenye mstari wa tatu:

```
        : "r4", "r5", "cc", "memory");
```

Neno hilo linaiambia kompaila kwamba asembli hii inaweza kusoma au kuandika popote kwenye kumbukumbu, kwa hiyo vyote ulivyovishika kwenye rejista viandike kwanza, na baadaye usiamini ulichokisoma zamani. Lina nguvu kiasi kwamba ndani ya kerneli ya Linux kuna barrier(), ambayo katika GCC ni sentensi ya asm isiyo na amri hata moja ndani yake, nukuu tupu, na neno "memory" peke yake. Hakuna kinachotekelezwa kwenye kiini. Ni kauli tu kwa kompaila, na kauli hiyo inatosha. Ipo njia laini zaidi, ya kuitaja safu yenyewe kwa sharti la "m" ili kompaila ijue ni baiti zipi hasa zinazosomwa; nimeitumia baadaye mahali ambapo "memory" ilikuwa inapunguza kasi.

Nimefikiria mara nyingi mpangilio wa makosa haya mawili. La kwanza lilizuia la pili lisionekane, na kifo cha mita ndicho kilichonileta hadi kwenye mistari ile. Kama n ningeitangaza vizuri tangu mwanzo, mita ingewaka mara ya kwanza kwa -O2, na tukiwa na siku tisa tu huenda tungepima kwa haraka, printf ikiwa bado ndani, tukaona namba nzuri, tukaiondoa tukijiandaa kupakia toleo la mwisho, tukafunga maboksi. Kule kisiwani kuna mama mwenye friji moja ya soda na samaki. Angelipia wati mia tatu za hewa, usiku na mchana, na akilalamika angeambiwa mita haidanganyi. Ndiyo maana kifo cha programu sikihesabu tena kuwa jambo baya zaidi linaloweza kunipata.

Tangu hapo nimekutana na ndugu za makosa haya. Rafiki yangu wa Nairobi alikuwa anaandika kwa x86-64, chipu za kompyuta za kawaida, kwenye Linux, akaweka push na pop, amri za kuweka na kutoa kwenye staki, ndani ya asm akiamini kwamba akirudisha kila alichosukuma hakuna kinachoharibika. Vigeu vyake vya ndani vikawa vinabadilika vyenyewe. Kwenye mfumo huo fanksheni isiyoita nyingine inaruhusiwa kutumia baiti 128 zilizo chini ya kielekezi cha staki bila kukisogeza, na push yake ilikuwa inaandika juu ya hizo. Alivyokuwa na printf ndani, fanksheni iliita nyingine, kwa hiyo ikajitengea nafasi yake na kosa likajificha. Printf tena! Mwingine alitumia jina la kawaida kwa lebo badala ya namba kama ile 1 yangu. Fanksheni ilipomezwa mahali pawili, lebo ikajirudia na asembla ikakataa. Huyo alikuwa na bahati, maana kosa lake lilipiga kelele kabla ya kufika kwenye kifaa.

Mita zilikwenda kisiwani siku mbili nyuma ya ratiba. Asembli yangu haikuwa ndani yake. Dada Fundi aliniuliza swali dogo: kati ya amri zile tano, ni ipi ambayo C haiwezi kuisema yenyewe? Ni SMLAD tu. Kusoma kutoka kwenye safu, kuhesabu, kuruka kurudi juu, vyote hivyo kompaila inavijua tangu zamani, na ikivifanya yenyewe inajua nani anasoma nini. Basi nikaandika mzunguko wa kawaida wa C, ndani yake __SMLAD ya CMSIS, maktaba ya ARM ya viini hivi, ambayo ni asm ya amri moja: rejista tatu zinaingia, moja inatoka, hakuna kielekezi, hakuna cha kubadilishwa kisirisiri. Nilipopima, tofauti ya kasi ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilirudia kipimo nikidhani nimekosea.

Wakati nalitafuta jina hilo la __SMLAD nilifungua faili la CMSIS la GCC, faili ambalo nilikuwa nalijumuisha kwenye kila mradi bila kulisoma. Kurasa chache juu yake ipo __disable_irq, ile tunayoiita kila siku kuzuia interapti, yaani ishara zinazokatiza kazi ya kiini. Ni mstari mmoja: "cpsid i", halafu alama ya nukta mbili mara tatu. Baada ya ya kwanza hakuna kitu. Baada ya ya pili hakuna kitu. Baada ya ya tatu limeandikwa "memory".